Daktari Aliyezungumza na Ukuta

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi uliopita, kwenye migomba yake, upande wa Ikuti, katika tope la kufika kifundo cha mguu. Watu walisimama mmoja mmoja kumsema vizuri, kila mtu na lake: ukarimu wake, jembe lake, sauti yake ya kwaya. Mimi nilipopewa nafasi nilisema maneno mawili nikakaa, na najua wapo walioniona mkwe mkavu asiye na shukrani. Lakini lile nililotaka kulisema halisemeki mbele ya mchungaji, maana linaanzia chini ya matiti yangu na kushuka mpaka kwenye kinena. Basi nalisema hapa. Nilizaliwa wapi, nilisoma mpaka darasa la ngapi, niliolewaje, hayo niyaache. Ninaloandika ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na minane, mwaka ambao nilijiandaa kufa na sikufa.

Mimi ni mnene. Nalisema bila kununa. Nilinenepa tangu nilipomzaa Bupe, mwanangu wa kwanza, na kwetu unene haukuwa kosa. Baba Bupe alikuwa akitembea na mimi sokoni kifua mbele. Tulikuwa na shamba dogo la chai na mchumaji nilikuwa mimi. Asiyewahi kuchuma chai ya Rungwe ajue kwamba ile michai imelowa saa zote, isipokuwa mvua ni ukungu, na ukiingia kwenye mistari bila kujikinga unatoka umelowa kuanzia kifuani mpaka magotini. Kwa hiyo wanawake tunajifunga nailoni. Unachukua kipande cha nailoni nzito, unajizungushia chini ya matiti, unakaza kwa kamba, tenga mgongoni, twende. Mwembamba anabaki mkavu. Mimi nilikuwa mkavu kwa mvua ya nje na chepechepe kwa jasho la ndani, tangu asubuhi mpaka majani yanapopelekwa bandani kupimwa. Nikirudi navua nailoni, naitundika, nabaki na gauni lilelile, maana lile jingine liko kwenye kamba siku ya tatu na bado bichi. Kwetu nguo haikauki, inapoa tu.

Ulianza muwasho, chini ya titi la kushoto. Nikapaka mafuta ya mgando. Muwasho ukashuka kwenye mkunjo wa tumbo, nikaongeza mafuta, na juu ya mafuta nikamwaga poda ya mtoto. Ile poda ikikutana na jasho inageuka uji, uji ukikauka unakuwa chenga, na chenga zinakukwangua kila ukipiga hatua. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Kwenye maduka ya Tukuyu, ambako nyuma kidogo ulikuta mbao tupu na foleni ya sabuni, sasa kulikuwa na kila kitu: mitumba kwa marobota, redio, soda za rangi zote, na vitubu vya krimu vyenye picha ya mwanamke mweupe anacheka. Muuzaji mmoja sokoni akaniambia, "Mama, hii inamaliza yote, fangasi, chunusi, madoa." Na kweli, kwa siku tatu ilimaliza. Siku ya nne ngozi ilirudi na hasira zake, nyekundu, imechanika, inatoa maji yenye harufu ya togwa iliyochacha. Nikaenda kununua kitubu cha pili.

Wakati huohuo nilikuwa na kiu isiyoisha. Nilikunywa maji kwenye ndoo kabla hata ya kuitua kichwani vizuri, kisha nazunguka nyuma ya nyumba kukojoa, kisha narudi kwenye ndoo. Gauni likaanza kunipwaya mabegani, na mtu mnene akianza kupwaya kijiji kizima kinaona. Baba Bupe siku hizo alikuwa akisafiri na malori ya ndizi hadi Dar es Salaam. Alinionea huruma, na huruma yake akaileta ndani ya kopo: glukosi. "Umeishiwa nguvu, mke wangu. Kunywa, hii wanapewa wagonjwa." Vijiko vitatu kwenye kikombe, asubuhi na jioni, na katikati soda, tena kwa kubembelezwa. Namwona mpaka leo amechuchumaa mbele yangu, akikoroga taratibu ili isibaki chenga. Yule mume alikuwa ananiua kwa mapenzi, na mimi nilikuwa namshukuru.

Sasa weka pamoja. Mwanamke anakonda, ana vipele mahali anapopaficha, mume wake ni mtu wa malori. Miaka ile mtu hakuhitaji kuuliza zaidi. Redio ilikuwa inalitaja kila siku, UKIMWI, na hakukuwa na dawa. Hakuna aliyelitamka mbele yangu. Nilijitenga mwenyewe. Nikawa na kikombe changu, sahani yangu, taulo langu, na Bupe nikamhamishia kwa bibi yake nikisema kwangu kunavuja. Mtoto alikuwa na miaka minne. Akija mbio kunikumbatia namzuia kwa mkono, namwambia mama amechafuka, nenda kwa bibi. Alikuwa anasimama pale ananitazama, hajui amekosa nini.

Siku moja nilikaa nyuma ya jiko la mama mkwe namenya ndizi za mbalaga. Jiko lile lilikuwa la mianzi, kila neno linapita. Ndani alikuwemo yeye na binti yake Tusekile, wifi yangu.

"Mama, siku hizi hata kikombe chake anaosha mwenyewe."

"Naona."

"Bandani watu wanasema."

"Wana midomo, waseme."

Moto ukapulizwa. Kisha nikamsikia mama mkwe, sauti ya chini kabisa: "Bora wa kwao waambiwe mapema waje."

Nikajua nimekwisha. Nilielewa hivi, kwamba wanakuja kunichukua nikafie kwetu, na Bupe atabaki, maana mtoto ni wa ukoo. Niliendelea kumenya kwa sababu sikujua mtu katika hali ile anafanya nini kingine. Jioni tulikula zile ndizi na maharage, mimi kwenye sahani yangu, mlangoni.

Utaniuliza, zahanati haikuwepo? Ilikuwepo, mwendo wa kufika kabla jasho halijakutoka. Na daktari alikuwepo, tena mzuri. Watu walitoka mpaka Lupepo kumfuata. Shida ni kwamba daktari huyo alikuwa mdogo wake baba mkwe wangu, tumbo moja, na kwa hiyo naye ni baba mkwe wangu. Mnyakyusa ameshaelewa. Asiyeelewa nimweleze: kwetu mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina, wala hazungumzi naye. Si ugomvi, ni heshima, na wote wawili wanailinda. Kanisani walishatuambia tulegeze, na vijana wa sasa wamelegeza kweli, wanakula na baba mkwe meza moja na kupiga naye picha. Nyumba niliyoolewa mimi ilishika. Daktari mwenyewe alikuwa na baiskeli, na kila akikaribia kona alipiga kengele ndefu, ili sisi wakwe zake tulioko njiani tupate muda wa kuzama migombani. Mara ngapi nimejitupa kwenye matope na tenga langu, na mwili huu! Sasa mtu ambaye hata kivuli chake nakikimbia, ndiye nikamfunulie matiti na kinena? Nilisema heri nife. Na hospitali ya Tukuyu je? Ukionekana unapanda pikapu kwenda Tukuyu ukiwa umekonda, kijiji kinakuwa kimeshakupima damu kabla hujafika.

Kilichonitoa ni mkunjo wa tumbo kupasuka. Nilikuwa katikati ya chai, nikainama kuokota majani yaliyomwagika, nikasikia kama nimechanwa kwa wembe. Nilirudi nyumbani natembea miguu nimeitanua, gauni lina damu mbele. Mama mkwe alikuwa anaanika mahindi. Aliniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, akaacha mahindi.

"Twende kwa daktari."

"Mama, siendi. Unajua siwezi."

"Najua nini? Heshima ya mkwe ni ya mkwe aliye hai. Ukishakufa utamheshimu nani, gwe mwana? Nyanyuka."

Alinifunika shuka kichwani mpaka kiunoni, akanishika mkono, tukatoka mchana kweupe, bandani watu wakitutazama. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia la kijani. Nesi alikuwa amekwenda kijiji cha pili kuchanja watoto. Mama mkwe aliniketisha chumba cha kufungia vidonda, akapita upande wa pili, na nikamsikia anamwambia shemeji yake kwamba amemletea mgonjwa, na mgonjwa ni mkwe. Kiti kikaburuzwa. Daktari aligeuka kutazama dirisha, mama mkwe aliniambia baadaye, na hakugeuka tena upande wa pazia mpaka tulipoondoka.

"Anaumwa nini, shemeji?"

"Vipele. Vidogo tu, kifuani."

"Vidogo, na umekuja naye umemshika mkono?"

"Na tumboni kidogo."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, shuka kichwani, nasikia maisha yangu yanafanywa kuwa kidogo. Mama wa watu alikuwa na aibu. Angeendelea hivyo ningerudi na vidonge vya kichwa, nikafa kwa adabu zote. Sijui sauti niliitoa wapi. Nilisema kwa nguvu, pazia likatikisika: "Mama, mwambie si kidogo! Mwambie ni chini ya matiti yote mawili, ni tumboni, ni kwenye kinena. Panatoa maji na pananuka. Mwambie nakunywa ndoo ya maji kwa siku na siridhiki. Mwambie nakonda. Mwambie nina mtoto!"

Tangu niolewe, yule mzee hakuwa amewahi kusikia sauti yangu. Nilingoja paa lianguke. Kikasikika kikohozi kifupi, kisha daktari akasema polepole, "Shemeji, chukua tochi hii. Uende umwangalie wewe, uniambie unachokiona. Usinifiche kitu."

Akaja. Nikafunua. Mama mkwe aliinua titi langu kwa mkono wake, akamulika. "Kyala wangu," akanong'ona. "Umekaa na hii tangu lini?" Kisha akafuta macho kwa bega, akaanza kusema kwa sauti, neno kwa neno, na aibu yote ikamtoka. Ni pekundu, panameta maji. Katikati pamepasuka. Ndiyo, pembeni pana vipele vidogo vimetawanyika, kama vimemwagwa. Hapana, hakuna shimo, hakuna usaha. Tumboni hivyohivyo. Kwenye kinena hivyohivyo, shemeji, na mimi si wa kupaona hapa, lakini nimepaona.

"Anakula nini? Anakunywa nini?"

"Ndizi, maharage. Soda. Na glukosi, mume wake anamletea."

"Glukosi?"

"Vijiko vitatu, asubuhi na jioni."

Nilimsikia yule mzee anapiga kofi paji la uso wake. Akaomba mkojo. Nilitoa kwenye kichupa, mama mkwe akakipeleka kama amebeba sakramenti, na daktari akachanganya matone na dawa ya bluu kwenye bomba la kioo, akalipasha juu ya taa ya spiriti. Mimi sioni kitu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akinitangazia kupitia pazia. "Bado bluu. Sasa kijani. Imekuwa njano, Mama Bupe. Inazidi. Imekuwa kama tofali la kuchoma." Hapo akanyamaza, maana hakujua kama tofali ni uhai au kifo.

"Shemeji," daktari akasema, "mwambie mkwe wetu ana sukari. Kisukari. Ndiyo iliyomkondesha, ndiyo inayomtia kiu, na ndiyo inayowalisha hao fangasi wa kwenye mikunjo."

"Sukari tu?" nikapayuka.

"Mnachokifikiria kule bandani kinapimwa kwa damu, Tukuyu. Nitaandika barua, apimwe vyote. Lakini haya ninayoyaona mimi sukari inayaeleza yote."

Nilipiga magoti pale chini, sakafu ya saruji, nikasema, "Ndaga Kyala, ndaga fijo, asante Mungu kwa sukari!" nikalia kama mtoto, kamasi na shuka vikachanganyika. Upande wa pili nilimsikia mzee anacheka kicheko cha kujizuia. "Kazi hii nimeifanya miaka," alisema, "sijawahi kumsikia mtu akiishukuru sukari."

Kisha akafanya jambo ambalo nalicheka mpaka leo. Hakuweza kuzungumza na mimi, na kumtuma mama mkwe neno kwa neno aliona atapunguza tena. Basi akazungumza na ukuta. "Wewe ukuta, nisikilize. Kuanzia leo hupaki mafuta. Hupaki poda. Zile krimu za sokoni tupa chooni, ndizo zilizokuchana. Unaoga kwa maji safi na sabuni kidogo, unasuuza, halafu unajikausha kila mkunjo kwa kugusagusa, usisugue. Unapaka hii dawa ya zambarau. Unaweka kitambaa cha pamba kikavu katikati ya ngozi na ngozi, na kikilowa unakibadili, hata mara sita kwa siku. Nailoni ifungwe kiunoni, juu ya gauni, ilegee, na ukipumzika ifunguliwe. Soda hapana. Glukosi mpe mbuzi. Ndizi nusu sahani, mboga za majani na maharage zijaze iliyobaki. Ukuta umenisikia?"

"Umesikia, tata," nikajibu, yaani baba. Ukuta ulijibu, si mimi.

Njiani, mimi na mama mkwe tulifika kwenye daraja la miti. Nikajikaza, nikamuuliza kama bado anawaita wa kwetu waje kunichukua. Alisimama akanishangaa. "Wakuchukue wakupeleke wapi? Nilitaka mama yako akuone ukiwa bado unaongea. Ningekuwa mimi ningependa niambiwe mapema." Wiki nne nilikuwa nimemchukia mwanamke yule kwa neno hilo, nikila chakula chake.

Tukuyu nilikwenda na Baba Bupe, tukapimwa wote, damu na sukari. Kwenye benchi tulikaa na dada mmoja kutoka Isongole, mwembamba, mcheshi, tukala naye karanga. Sisi tulitoka na majibu mazuri ya damu na pakiti ya vidonge vya sukari. Yeye alitoka akapita bila kutuaga. Nimemkumbuka mara nyingi. Furaha yangu siku ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikumfuata hata kumshika mkono, na hilo najilaumu. Aibu niliyojivika mimi kwa miezi, kikombe pembeni, mtoto pembeni, wapo walioivishwa mpaka kaburini, na hakuna aliyepaswa kuivaa.

Dawa ya zambarau ilinifanya niwe na rangi ya bilinganya, na mashuka mawili ya mtumba yaliisha kwa kukatwa vitambaa. Lakini kitambaa kikavu utakipata wapi kwenye mvua zile? Hapo ndipo mama mkwe alipochukua kazi. Aliipokonya pasi ya mkaa mikononi mwa Baba Bupe, aliyekuwa akinyooshea suruali zake za safari, akasema kuanzia sasa suruali zitavaliwa na mikunjo yake. Kila asubuhi na kila nikirudi kutoka kwenye chai alipiga pasi vitambaa mpaka vitoe mvuke, akaviacha vipoe kwenye ungo karibu na moto. Sehemu za chini nilizifanya mwenyewe. Za juu alikataa. Alisema mwenye tumbo haoni chini ya titi lake, atadanganywa na mkono. Wiki ya kwanza maumivu yalipungua. Ya pili maji yakakauka. Leo nina sukari ile ile, unene karibu ule ule, natumia vidonge, na asubuhi sivai nguo kabla sijakausha kila mkunjo; kwenye kliniki ya sukari nikimwona mama mnene anajikuna kwa kujificha namvuta pembeni, namweleza bila kupepesa.

Lakini siku ninayoipenda ni moja, kama mwezi hivi tangu zahanati. Mchana, jikoni kwa mama mkwe, mvua inapiga bati. Nimekaa kwenye kigoda, gauni limeshushwa kiunoni. Bupe alikuwa amelala mapajani kwangu, kichwa kimeegemea tumbo langu, anakoroma, na hakuna mahali palipouma. Mama mkwe aliinua titi la kushoto, akakausha, akainama kutazama, akatazama tena. Ngozi ilikuwa nzima. Nyeusi, kavu, nzima. Akakaa chini kwenye majivu na kile kitambaa mkononi, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Unajua nilikulilia mwezi mzima?" akasema. "Naingia migombani nasema naenda kukata majani, nalia, nanawa uso, narudi kukupikia. Nilishapanga na nyimbo za msiba. Nilishamwambia Tusekile nani atamsuka Bupe. Mwezi mzima, Mama Bupe! Machozi yote yale, bure!"

Nikacheka mpaka Bupe akaamka akatushangaa. Mama mkwe alijifuta macho kwa kile kitambaa, akagundua ni changu, akakitupa, akachukua kingine kikavu kwenye ungo.

"Haya," akasema, "inua la kulia."